Njooni Morogoro Mfilisike kwa Utaratibu

Kilakala,
Manispaa ya Morogoro.

Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi,
Kampuni ya magitaa ya Gibson,
Nashville, Tennessee,
Marekani.

YAH: POLE KWA KUFILISIKA, PAMOJA NA USHAURI AMBAO HAMKUUOMBA

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza kabisa, poleni. Najua pole hii imechelewa. Mlikwenda mahakamani kuomba hifadhi dhidi ya wadai wenu tarehe 1 Mei 2018, siku ambayo wafanyakazi wa huku huandamana na fulana mpya wakisubiri habari za nyongeza ya mshahara. Kufikia Novemba mwaka huohuo mlikuwa mmeshatoka, mkiwa na mwenye mali mpya, kampuni ya uwekezaji ya KKR. Lakini kwetu pole haiozi. Tena, kampuni ikishaingia mikononi mwa watu ambao kazi yao ni kununua ili baadaye wauze, mkeka wa dua haukunjwi mapema.

Mtauliza mimi ni nani hata niwashauri. Mimi ni mkazi wa Kilakala, kata iliyoegemea Milima ya Uluguru, ambako ukungu ukiondoka asubuhi unaiona minara ya Bondwa kule juu. Morogoro huitwa mji kasoro bahari, kwa maana kwamba vingine vyote tulijaliwa. Miongoni mwa hivyo vingine ni viwanda marehemu. Viatu, ngozi, turubai, magunia: vilijengwa hapa, vikaimbiwa na kukatiwa utepe, kisha vingi tukavizika, ingawa kimoja viwili vilifufuka kwa tajiri mwingine. Mtoto wa hapa hulisikia neno ubinafsishaji kabla hajaweza kulitamka. Kwa hiyo katika suala la kufilisika, waheshimiwa, mnazungumza na wataalamu.

Chukueni Kiwanda cha Viatu. Kilijengwa kwa fedha za Benki ya Dunia, kwa mpango ulioandaliwa miaka ya 1970, kitoe jozi milioni 4 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya jozi hizo iende Ulaya. Kuta zake zilikuwa za alumini na hakukuwa na mfumo wa kupitisha hewa. Anayeijua Morogoro ya mwezi Februari hahitaji maelezo zaidi. Kiwanda hakikuwahi kufikia hata sehemu ya kumi ya uwezo wake, na mwaka 1990 uzalishaji ukakoma. Muda wote huo akina mama wa Kiluguru waliendelea kushuka mlimani alfajiri na mikungu ya ndizi kichwani, mguuni katambuga za tairi au hakuna kitu kabisa, na hakuna mtaalamu hata mmoja aliyeinama kuwapima mguu. Wazungu wa Ulaya, wenye viatu tayari, ndio walioonekana wana shida ya viatu.

Hata hivyo lazima nikiri kwa niaba ya mji wangu kwamba mmetuzidi. Sisi tulifilisika kwa kutengeneza bidhaa ambayo haikumpata mnunuzi. Ninyi mlifilisika mkiwa mnauza magitaa zaidi ya 170,000 kwa mwaka katika nchi zaidi ya 80. Duka limejaa wateja, foleni imefika nje, na mwenye duka anakimbilia mahakamani akiwa na deni linalofikia dola milioni 500. Hilo halitokei kwa bahati mbaya. Linahitaji kipaji na shule.

Nimefuatilia mlivyofanya, maana mambo mazuri huigwa. Kampuni iliyoanzia kwenye karakana ya Orville Gibson kule Kalamazoo, iliyoandikishwa mwaka 1902, iliyoleta gitaa la Les Paul mwaka 1952, ilikuwa taabani mwaka 1986 alipoinunua Bwana Henry Juszkiewicz na wenzake kwa dola milioni 5. Tumpe haki yake: aliifufua kweli. Magitaa yakarudi kuwa magitaa. Kisha likampata jambo linalowapata wakubwa wengi wakishashiba, akachoka na kile kilichomshibisha. Gitaa likawa dogo. Mwaka 2013 jina la kampuni likabadilishwa, neno gitaa likaondolewa, tukaambiwa sasa hii ni kampuni ya mtindo wa maisha. Mwaka 2014 mkanunua kitengo cha sauti cha Philips kwa dola milioni 135, fedha za mkopo, ili muuze hedifoni na sabufa.

Sabufa, waheshimiwa! Mngeniuliza mimi ningewapeleka stendi ya Msamvu bure, nauli ya bodaboda juu yangu. Pale basi la Dodoma likipunguza mwendo tu, kijana anakimbia sambamba na dirisha, hedifoni za kila rangi zimening'inia mkononi kama shanga, anataja bei, anapunguza bei, anachomeka moja kwenye simu yako uisikie, anapokea hela na kurudisha chenji, yote hayo kabla dereva hajaingiza gia ya pili. Huyo ndiye aliyekuwa mshindani wenu katika soko la hedifoni. Hana bodi, hana hatifungani inayoiva Agosti kama ile iliyowakaba ninyi. Mshika mbili moja humponyoka. Nasikia Bwana Juszkiewicz alisoma Harvard, basi huenda methali hiyo ilikuwa kwenye somo la hiari.

Tuje kwenye mota. Mwaka 2015 karibu magitaa yenu yote ya Marekani mliyafunga kifaa chenye mota cha kujityuni chenyewe, mtu apende asipende, na bei mkaipandisha juu yake. Wapigaji wakalalamika, wengine wakakifungua na kukitupia drooni. Sasa niruhusuni niwaeleze habari za mji huu kidogo.

Mwaka 1944 hapa Morogoro ilizaliwa bendi, Morogoro Jazz. Mwaka huohuo, mkoani humuhumu, alizaliwa mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Walikuja kukutana katika miaka ya 1960, katika mji uleule wa Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba, na kwa miaka kadhaa dansi ya nchi hii iliangalia Morogoro ipige nini. Mwaka 1970 bendi ilipelekwa Osaka, Japani, kwenye Maonyesho ya Dunia. Mwaka 1973 Mbaraka akaondoka akaanzisha Super Volcano. Januari 1979 akafa kwa ajali ya gari Mombasa, hajafikisha miaka 35. Walimwita Soloist National. Kityunio chake kilikuwa sikio, la kushoto na la kulia, na hakikuhitaji betri. Nendeni mkasikilize jinsi solo lake linavyoingia baada ya kibwagizo, halijifaragui, linaongea kama mtu aliyesubiri zamu yake ya kusema barazani. Kisha mniambie mota ingemwongezea nini, zaidi ya uzito begani.

Tena gitaa lenyewe, kwa wapigaji wengi wa zama zile, halikuwa lao. Vyombo vilikuwa mali ya bendi, na bendi nyingi zilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi, ya jeshi, ya polisi au ya tajiri. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, nyuzi na ngoma zote. Mpiga solo akihama bendi, anahama na vidole. Gitaa linabaki ukutani likimngoja mwingine. Hali haijabadilika sana, kwa sababu Les Paul yenu moja ya kawaida inazidi dola 2,000, na kwa bei za huku hiyo ni karibu bodaboda mbili mpya. Bodaboda inalisha familia. Gitaa linahitaji familia ilishwe kwanza.

Ndiyo maana ile video ya mwaka 2019 ilituuma. Magitaa yenu ya Firebird X, yale yaliyojazwa vidubwasha vya kielektroniki, yamepangwa chini kwa mamia, na katapila inapita juu yake, inarudi, inapita tena. Shingo zinakatika. Mkaeleza kwamba yalikuwa na vipuri visivyo salama na hayakufaa kuokolewa. Nawaelewa. Sisi wenyewe mwaka 2017 serikali yetu ilichoma moto vifaranga 6,400 vilivyoingia kutoka Kenya kupitia Namanga, kwa sababu za kiafya pia. Karibuni chamani.

Lakini pale mlipoonyesha ubingwa hasa ni kwenye mbao. Mwaka 2009 na tena 2011 maofisa wa serikali yenu walivamia viwanda vyenu wakitafuta mbao zilizoingizwa kinyume cha sheria, mbao za eboni za Madagaska zikiwa ndizo kiini cha kesi ya kwanza. Mwaka 2012 mkamalizana nao: faini ya dola 300,000, na 50,000 nyingine za hifadhi ya mazingira. Sehemu ya mbao mkarudishiwa. Mkazitengenezea magitaa, mkayapa jina la Toleo la Serikali, mkayauza! Hapo niliwavulia kofia. Huku kwetu mtu akikamatwa kwenye kizuizi cha barabarani na gunia la mkaa kwenye baiskeli, mkaa unaondoka, baiskeli inaondoka, na yeye anarudi kijijini Kinole kwa miguu. Hajatokea hata mmoja aliyerudishiwa gunia lake akaliuza ghali zaidi kama Mkaa Toleo la Serikali. Tunaomba mtume mtu atufundishe.

Sasa naingia kwenye ombi. Hamieni Morogoro. Sitanii, au natania kidogo. Mkangazi tunao, na ni wa ukoo mmoja na miti mnayochongea Les Paul. Chuo Kikuu cha Sokoine kinafundisha misitu hapahapa, na Taasisi ya Utafiti wa Misitu makao yake makuu ni hapahapa. Na kuna jambo ambalo mkilisikia mtalia. Katika msitu wa Kimboza, kwenye vilima vya mashariki ya Uluguru, kuna mti mgeni uitwao sedrela, ulioletwa zamani kutoka Amerika ya Kitropiki. Umekataa kuondoka. Umeisonga miti ya asili, umejaa mpaka kwenye makazi ya mjusi mdogo wa buluu ambaye karibu hapatikani pengine popote duniani. Wahifadhi wanahangaika kuung'oa. Na sedrela, waheshimiwa, ndio mti ambao mafundi wa magitaa ya Kihispania wamechongea shingo kwa vizazi. Ukateni wote. Itakuwa mara ya kwanza katika historia yenu kukata miti na wahifadhi wawaletee soda.

Majengo yapo. Mkiona yana kuta za alumini, toboeni madirisha kwanza. Walinzi wapo, na wana uzoefu mrefu wa kulinda mitambo isiyofanya kazi, hivyo mkifilisika tena hamtahitaji kuwapa mafunzo mapya. Masharti yetu ni mawili tu. Mkurugenzi atakayesema kwamba gitaa ni biashara ndogo apandishwe basi la asubuhi arudi kwao. Na umbo la gitaa mtuachie tuige. Najua mnapenda kushtaki watu kwa maumbo, lakini mwaka 2019 mahakama ya Ulaya iliwaambia kwamba umbo la Flying V pekee halitoshi kuwa alama yenu ya biashara, na mafundi seremala wetu wana kasi kuliko mahakama.

Mkishindwa kuhama, basi tumeni nyuzi. Si magitaa, nyuzi tu, hasa ile ya kwanza nyembamba, kwa sababu ndiyo inayokatika. Vijana wa huku wanajua kufumua waya wa breki ya baiskeli na kuufunga mahali pake, na unalia, ila unakula vidole na unakula shingo ya gitaa. Pakiti mia zitatosha kuanzia. Andikeni kwenye boksi kwamba ni sampuli isiyo na thamani ya kibiashara, vinginevyo ushuru utazidi bei ya gitaa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Kilakala.

Nakala: Msajili wa Hazina, afungue kabisa jalada la kubinafsisha kiwanda hiki, kusudi tusije tukakimbizana baadaye.