Anwani Nyingi, Mpokeaji Mmoja

Tovuti ya kampuni inakupangia anwani: mauzo, huduma kwa wateja, mkurugenzi, malalamiko. Unadhani kuna ghorofa nzima inakusubiri. Fungua faili la /etc/aliases kwenye seva yao ya Postfix: mistari minne, na miwili ya kwanza inaishia kwa kijana aliyekuja mafunzo kwa vitendo, akaondoka zamani.

Ufundi wenyewe hauna lawama. Unaandika jina la kujitungia, nukta pacha, mpokeaji halisi, kisha unaendesha amri ya newaliases. Basi. Waraka wa RFC 2142 wa mwaka 1997 uliyaorodhesha majina ya aina hiyo, info na abuse yakiwamo, ukataka barua zimfikie anayehusika. Nadhani wenzetu walichoka kusoma kabla ya kufika hapo.

Mkurugenzi, lo, yeye kataka barua zake zielekezwe Gmail, maana seva ya ofisi “haina hadhi”. Sasa barua ya benki inapita ofisini kwanza, na Gmail inaiona ikiletwa na seva ambayo benki haikuiorodhesha kwenye rekodi yake ya SPF. Isipokuwa na saini ya DKIM ya kuitetea, inaweza kutupwa kwenye taka. Mheshimiwa analaani mtandao wa nchi hii.

Umebaki mstari wa nne, wa malalamiko. Huo umeelekezwa /dev/null, shimo lisilo na chini. Haujazi foleni, haurudishi barua, haujawahi kuharibika. Ukituma, seva inajibu 250, imepokelewa, na wala haijasema uongo.