Mwongozo wa Mpangaji Kwenye Seva za Watu

Kabla hujaandika mstari wa kwanza wa programu ya kuhesabu mauzo ya maduka ya Mbagala, chukua daftari uorodheshe wenye nyumba wako. Kijana wa Sinza au Tandika anayehifadhi data Firebase, anayeonyesha njia za bodaboda kwa Google Maps, anayepokea oda kwa WhatsApp na malipo kwa mtandao wa simu, amepanga vyumba vinne kwa wenye nyumba wanne, na hajawahi kumtia machoni hata mmoja. Mwenye nyumba wa Temeke akitaka chumba chake atakugongea mlango. Hawa wanatuma barua pepe ya Kiingereza kwenye anwani uliyojiandikishia ukiwa chuoni. Itafute nywila yake leo, na kila notisi uisome mpaka nukta ya mwisho.

Soma na habari za waliotangulia kuhamishwa. Huduma ya Parse ilibeba data za programu nyingi. Facebook ikainunua mwaka 2013, ikatangaza kuifunga Januari 2016, na Januari 2017 ikazimwa kweli. Wapangaji walipewa mwaka mzima wa kufungasha, uungwana usioupata kila mahali. Google Maps yenyewe haikufunga mlango, ila Julai 2018 ilipanga bei upya na kutaka kila mradi uwe na akaunti ya malipo. Asiyekuwa nayo aliikuta ramani yake imetiwa giza, maandishi ya onyo yamepigwa juu yake, na wateja wanatazama.

Sasa lijaribu jengo lako kwa kukata nyaya mwenyewe. Weka simu kwenye hali ya ndege, mpe muuza duka, kaa pembeni umwangalie. Akishindwa kuuza kilo moja ya sukari, rudi kwenye kompyuta. Jaribio hili si la nadharia. Jioni ya Jumatatu, 4 Oktoba 2021, WhatsApp, Instagram na Facebook zilipotea dunia nzima kwa takriban saa sita, kwa sababu amri moja ya matengenezo ilikata mtandao wa ndani wa kampuni inayozimiliki zote tatu. Muuza nguo anayewajua wateja wake kwa majina ya akaunti tu hana wa kumpigia siku kama hiyo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, na Tanzania ikaumia. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini, na siku kadhaa zikapita kabla haijarudi. Ni makosa makubwa ya kiufundi, na nasema ni kumdhulumu mteja, mama aliyesimama hatua tano kutoka kwenye stoo yake kushindwa kujua mifuko iliyobaki eti kwa sababu hesabu hiyo inakaa ng'ambo ya bahari. Mauzo yaandikwe kwanza ndani ya simu. Mtandao ukirudi, ndipo yatumwe.

Usije ukasikia haya ukaenda kuweka seva chini ya kitanda. Umeme wa mtaani kwetu unaujua. Panga, tena panga bila aibu, lakini vitu viwili visilale nyumba ya mtu peke yake: namba za simu za wateja na daftari la mauzo. Kila wiki toa nakala, kisha ifungue uone kama inasomeka, maana nakala isiyowahi kufunguliwa haijathibitishwa kuwa nakala.

Jina la mtoa huduma liandike sehemu moja tu ndani ya programu. Novemba 2024 Tigo ilibadilika kuwa Yas, na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas. Aliyelitawanya jina la zamani kwenye kila ukurasa alikesha akilifuta.

Halafu jitazame mwenyewe, kwa sababu mama wa duka amepanga kwako. Mwekee kitufe cha kupakua mauzo yake yote kwenye faili la Excel, bila kukupigia simu na bila kulipa ziada, hata siku anayoamua kuhamia programu ya jirani yako.