Kitochi Kisichobonyea 5

Washairi wamesifu farasi, majahazi na macho ya warembo, lakini kitochi kilichofungwa rababendi hakijapata hata ubeti. Leo nakipa haki yake, tena kwa sauti ya juu, maana spika yake ya sikioni hukoroma na mimi nimeshazoea kupaza.

Tuanze na nasaba, kwa kuwa mtukufu hutajwa pamoja na wazee wake. Hiki mnachokiita kiswaswadu ni Nokia 1100, ukoo uliotoka kiwandani mwaka 2003 ukauzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Batani zake zimefunikwa kwa raba moja nzima ili vumbi lisipenye. Ubavu wake umekwaruzwa makusudi ili kisiteleze kwenye mkono wenye jasho, na kichwani kina tochi. Waliokibuni walijua kwamba simu itakwenda shambani, jikoni, na chooni usiku umeme ukikatika. Waliobuni simu janja walimfikiria mtu aliyekaa kwenye kochi.

Kukitunza nako ni elimu. Betri ikilegea, unakata kipande cha pakiti ya sigara, unakikunja, unakipachika kati ya betri na mfuniko, na mtandao unarudi. Laini isiposoma, unaisugua shaba kwa ufutio wa mtoto wa shule. Chaja ya pini ikigoma, unachomoa betri na kuibana kwenye kobe. Betri yenyewe ni BL-5C, ile ile inayoendesha redio ndogo na vispika vya mezani, kwa hiyo haiadimiki. Sisi nyumbani tuna moja nzima, mimi na mama mkwe, na saa ya taarifa ya habari sipatikani. Wangapi mjini wana udhuru safi kama huo?

Kisha kina kiasi. Kinabeba meseji 50, basi. Zikijaa, bahasha inapepesa na hakiingii kitu mpaka ufute. Wenzangu wanahifadhi maua ya "asubuhi njema" ya miaka mitano. Mimi kila nikifuta meseji nimeamua jambo. Na kamati za harusi zitaniunga wapi, kama WhatsApp yenyewe hakiijui? Anayetaka mchango wangu sharti apande daladala, aje, akae, anywe chai, aniombe ana kwa ana. Nashukuru kusema kwamba wanaokuja ni wachache.

Lakini taji lake ni batani ya 5, ambayo imekufa. Asiye na hekima ataiita kasoro. Kwenye 5 ndipo zinapokaa J, K na L, na bila herufi hizo Mswahili hawezi kuandika "nipo njiani", wala "nitakulipa kesho", wala "mkopo". Kinachoandikika ni "sina", "hapana" na "asante". Viongozi wa dini wamehangaika miaka mingi kunifundisha ukweli. Raba iliyochoka imenifundisha bila hotuba.

Kuna neema kubwa zaidi. Hapa Tanzania menyu za kutuma pesa zinaanza na *150*: M-Pesa ni *150*00#, Airtel Money *150*60#. Usipopita kwenye 5, huingii. Shemeji akiniandikia kwamba amekwama na anahitaji elfu ishirini, namjibu kwa herufi zote nilizojaliwa: "Sina namna." Na kweli sina.

Watesi wake hawakosi. Wanasema hakina ramani. Lakini Kariakoo hata mwenye ramani huishia kuuliza muuza maji. Wanasema hakina kamera; nimeiona sura yangu, sioni hasara. Mpwa wangu, kijana mwerevu kupita haja, akaja na hoja nzito: laini ichomekwe kwenye simu nyingine, ile *150*00# ihifadhiwe kama jina la mtu, kisha irudishwe kwenye kitochi niipige bila kugusa namba yoyote. Nilimsifu kwa akili yake, na tangu siku hiyo laini yangu haichomolewi mbele yake.

Hatimaye spika ilizidi kukoroma, nikakipeleka kwa fundi Mtaa wa Aggrey. Akafungua, akainua raba, akanionyesha uchafu uliojikusanya, akachovya mswaki kwenye spiriti. "Mzee, spika nakurekebishia, na hii 5 nairudisha sasa hivi. Buku mbili tu."

Nikampa buku mbili, nikamwambia ashughulike na spika na aniwekee rababendi mpya. Ile 5 asiiguse.

Akanitazama, akaweka mswaki chini. "Mzee, unadaiwa na nani?"