Bei ya Kivuli cha Mwarobaini
Barua ya wazi kwa wakuu wa Kaunti ya Turkana wanaoshughulikia maegesho, na kwa kampuni yoyote binafsi iliyopata, inayotafuta au inayoiota kandarasi ya kukusanya ada hizo Lodwar na Kakuma

Waheshimiwa,

Nawapongeza. Si kazi ndogo kugundua uhaba wa nafasi Turkana. Kaunti yenyewe ni takriban kilomita za mraba 70,000, na sensa ya 2019 ilihesabu humo watu 926,976; anayetafuta pa kuegesha lori, Probox au kundi zima la ngamia anaweza kuendelea kutafuta hadi mpaka wa Ethiopia bila kumsumbua yeyote. Kwa hiyo mtu akisema ada ya maegesho inatozwa kwa sababu nafasi ni chache, inabidi tujiulize ni nafasi gani hiyo. Nimejiuliza, na nadhani nimewaelewa. Kilicho adimu Lodwar si ardhi. Ni kivuli cha mwarobaini kilicho hatua tano kutoka mlango wa benki, wa duka la dawa au wa hospitali ya rufaa, saa saba mchana. Hapo mna haki: bidhaa hiyo ni adimu kweli, kila mwenye gari anaitaka, na kwa kawaida gari jeupe lenye antena ndefu huwa limeshaiwahi.

Tukubaliane basi kuhusu mnachouza, maana hoja yangu yote imesimama hapo. Ada ya maegesho huuza vitu viwili, ukaribu na muda. Dereva mwenye miguu inayomtii anaweza kuchagua. Akiona ukaribu ni ghali, ataegesha ng'ambo akatembea; akiona saa inakimbia, ataharakisha. Ada inamsukuma abadilishe mwenendo, na kazi yake ni hiyo. Dereva anayetumia kiti cha magurudumu hana cha kubadilisha. Hawezi kuegesha mbali, kwa sababu umbali ndio hasa usiomwezekana, na hawezi kuharakisha, kwa sababu dakika zake haziamuliwi na yeye. Kwake ada haisukumi chochote. Inachukua tu.

Zitazameni dakika hizo kwa karibu, ninyi mtakaozihesabu. Dereva anafungua mlango hadi mwisho, jambo linalotaka nafasi ya zaidi ya mita moja ubavuni, ambayo bodaboda tatu zimeshajipanga humo. Anavuta fremu ya kiti kutoka upande wa abiria, anaipitisha juu ya usukani, anaiteremsha chini, anapachika gurudumu la kushoto, kisha la kulia. Kama gari lilikuwa juani, chuma cha kusukumia kinaunguza viganja. Anajihamisha kutoka kiti cha gari hadi cha magurudumu kwa nguvu za mikono pekee. Sasa aende. Lami inakoma pale barabara inapokoma, na baada yake ni mchanga ule laini wa Lodwar. Magurudumu madogo ya mbele yanazama, kiti kinainama, na inabidi azungukwe na watu wema wamnyanyue kama gunia. Akivuka mtaro usio na kifuniko, anakutana na baraza ya duka yenye ngazi mbili. Hajanunua hata panadoli, na saa ya maegesho imekula sehemu nzuri ya muda wake. Mtaro huo haukuchimbwa na yeye, wala ngazi hizo hakuzijenga yeye. Mkimtoza kwa dakika zilizopotea hapo, mnamuuzia kasoro za mji wenu na kumpa risiti.

Mtasema haya ni masikitiko, na ofisi haiendeshwi kwa masikitiko. Sawa, twende kwenye vitabu. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa, pamoja na kutumia uchukuzi wa umma na kupata habari. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi kwa misingi kadhaa, ulemavu ukiwamo, na kinataja ubaguzi wa moja kwa moja na ule usio wa moja kwa moja. Huu wa pili ndio unaotuhusu, kwa kuwa hakuna atakayeandika kwenye bango kwamba walemavu walipe zaidi. Ataandika tu kwamba kila mtu ana saa moja. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2003 iliwapa wenye majengo ya umma miaka mitano, tangu sehemu hiyo ianze kutumika, wayarekebishe majengo hayo yafikike. Ilikuwa sheria yenye subira. Subira yenyewe ilikwisha, sheria ikazeeka, na Mei 2025 Rais William Ruto akatia sahihi nyingine ya kuchukua mahali pake, ilhali ngazi nyingi zingali pale pale zikisubiri kurekebishwa.

Kuna kichekesho kingine ambacho hata mtunzi wa vichekesho angekionea haya. Sheria ya usimamizi wa forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inasamehe ushuru kwa gari lililotengenezwa mahususi kutumiwa na mtu mwenye ulemavu. Yaani gari linapoteremshwa Mombasa, dola linakubali kuacha fedha nyingi ili mtu huyu aweze kutembea nchini kama wenzake. Gari linapanda Nairobi, linapita Kitale, linashuka kwenye joto la Lokichar, linaingia Lodwar. Hapo kijana mwenye koti la kuakisi mwanga analisimamisha ili arudishe, shilingi baada ya shilingi, kile ambacho hazina ya taifa ilikisamehe bandarini. Serikali kuu imemlainishia kilomita zaidi ya elfu moja, na nyinyi mmebakiwa na mita tano za mwisho. Ndizo mnazotoza.

Najua jibu la kwanza litakuwa kwamba ada ni sawa kwa wote, na usawa haumwonei mtu. Ni jibu zuri kulisikia. Lina kasoro moja, kwamba sheria yenu wenyewe haikubaliani nalo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 120, inaitaka kila kaunti iwe na sera ya ushuru na ada inayowatendea watumiaji wa huduma kwa haki, na inaruhusu waziwazi kutofautisha makundi ya watumiaji, mradi utofautishaji huo usiwe ubaguzi usio wa haki. Kumpa nafuu anayehitaji nafuu kumeruhusiwa. Kinachotiliwa shaka ni kufumba macho na kuita upofu huo usawa.

Mwanasheria wenu, kwa kuwa ni mtu makini, atafungua kifungu cha 210 cha Katiba na kusema hakuna kodi wala ada ya leseni inayosamehewa bila sheria kuruhusu, kwa hivyo mikono yenu imefungwa. Hata tukimkubalia kwamba ada ya maegesho inaingia humo, Bunge la Kaunti linapitisha sheria ya fedha karibu kila mwaka, yenye majedwali marefu yanayotaja hadi ada ya kichinjio. Ibara moja zaidi haitavunja meza ya Spika. Mikono iliyofungwa na fundo ambalo wenyewe mnalifunga upya kila bajeti ni mikono inayopenda kamba.

Halafu kuna hofu ya wadanganyifu. Tukiwasamehe walemavu, mnasema, kesho Lodwar nzima itachechemea. Udanganyifu upo duniani, sikatai. Ila Kenya haihitaji kumtazama mtu namna anavyotembea ili imjue. Kuna tathmini ya hospitali, kuna usajili wa Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu na kadi yake. Mtu aliyesafiri kutoka Lokichoggio hadi Lodwar, zaidi ya kilomita 200, akapanga foleni mbele ya madaktari, akajaza fomu, kisha akasubiri kadi, hakufanya hayo yote ili akwepe ada ya saa moja. Anayetaka kudanganya ana njia rahisi zaidi: kuongea na mkusanyaji pembeni. Hiyo ndiyo iangalieni.

Nanyi mkisema mapato yatapungua, mtapumzika kidogo kisha mtasema pia kwamba madereva walemavu hapa ni wa kuhesabika. Naomba mchague moja. Kama ni wachache hivyo, ada yao haiwezi kuitikisa kaunti inayogawiwa zaidi ya shilingi bilioni 12 kwa mwaka kutoka mapato ya taifa. Kama fedha yao ni nyingi kiasi cha kutikisa bajeti, basi si wachache, na mlipaswa kuwajengea njia zamani. Tena uchache huo wenyewe una sababu. Sensa ya 2019 iliwahesabu Wakenya wenye ulemavu kuwa asilimia 2.2 ya wenye umri wa miaka mitano na zaidi, ilhali Shirika la Afya Duniani linakadiria asilimia 16 ya watu wa dunia. Labda sisi ni taifa lenye afya ya ajabu. Au labda mji uliojengwa hivi huwaacha watu nyumbani, na akija karani wa kuhesabu huambiwa hakuna mgonjwa humu.

Sasa niwageukie wa kampuni binafsi, maana nyinyi mna hoja yenu ya pekee: kiwanja ni cha mwenyewe, na aliyeingia amekubali masharti ya bango. Hoja hiyo imekomaa sana Uingereza, nchi ambayo kampuni za maegesho hulipa idara ya leseni za magari pauni 2.50 kwa kila jina la mwenye gari wanalotaka kulifuatilia, na huomba majina zaidi ya milioni 10 kwa mwaka. Huko kadi ya buluu ya dereva mwenye ulemavu, iliyoanza ikiwa ya rangi ya chungwa mwaka 1971, kisheria ni ya barabara za umma. Kwenye kiwanja cha duka kampuni haifungwi nayo moja kwa moja. Kesi inayopendwa na kampuni ni ya Barry Beavis, muuza samaki na chipsi aliyezidisha dakika 56 kwenye maegesho ya bure ya saa mbili mjini Chelmsford. Novemba 2015 Mahakama ya Juu ilisema pauni 85 alizotozwa si adhabu haramu. Kampuni huitaja hukumu hiyo kana kwamba ilishuka mlimani ikiwa imechongwa kwenye mawe. Ila isomeni sababu yake: kampuni ilikuwa na maslahi halali ya kuhakikisha magari yanapishana ili wateja wengine wapate nafasi. Yaani mahakama iliutetea msukumo ule niliousema, unaomfanya dereva aondoke mapema. Kwa mtu ambaye mwili wake ndio uliomchelewesha, msukumo huo haupo, na kwa ajili yake Sheria ya Usawa ya 2010 ya huko huko inawataka watoa huduma wafanye marekebisho yanayofaa. Wapo madereva walemavu wanaokataa faini kwa kuandika hivyo hivyo: sikukaa kwa kupenda, na sheria inakutaka unipe muda.

Na hapa kwetu kampuni haina hata kijia hicho cha kukimbilia. Kifungu cha 20 cha Katiba kinasema Sheria ya Haki inafunga dola na watu wote, na "watu" kwa maana ya Katiba inajumuisha kampuni. Bango la mwenye kiwanja haliko juu yake. Mkitaka kuiga Uingereza, igeni na hili: kufunga gurudumu la gari kwa klampu kwenye ardhi ya mtu binafsi ni kosa la jinai Uingereza tangu Oktoba 2012, kwa kifungu ambacho kwa bahati nacho ni cha 54.

Kakuma ina fumbo lake, na hapa nataka ufafanuzi wa kitaalamu. Katika kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992, na baadaye makazi ya Kalobeyei, gari la mtu asiyetumia miguu aghalabu ni baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono, ambayo mara nyingi ndiyo kiti chake, mkokoteni wake na duka lake. Ikisimama kando ya soko, je, imeegeshwa, au mwenyewe ameketi? Akiuza sabuni juu yake, atalipa ada ya chombo, ya kibanda, au zote mbili? Nauliza kwa sababu kanjo aliyepewa kitabu cha risiti hakosi jibu. Na asije mtu akasema wakimbizi hawahusiki. Kifungu cha 54 cha Katiba kinasema mtu mwenye ulemavu, hakisemi raia.

Ombi langu ni dogo kuliko barua hii. Wekeni kwenye sheria ya fedha ibara inayomsamehe mwenye kadi ya ulemavu ada yote, awe dereva au abiria, na isiyomwekea kikomo cha saa. Zile nafasi za kivulini zilizo karibu na mlango wa hospitali, benki na mahakama zitengeni kwa ajili yake, kwa upana wa kufungua mlango hadi mwisho, na mchanga wake ushindiliwe hadi mlangoni. Mkandarasi naye aandikiwe hayo kwenye mkataba kabla hajanunua klampu ya kwanza. Mkikataa, mna wajibu, chini ya sheria ya 2015 kuhusu uamuzi wa haki katika utawala, wa kumpa sababu kwa maandishi anayeathirika. Tutazisubiri. Tunachoomba tu ni kwamba ofisi ya kuzichukulia isiwe ghorofani.