Pikipiki Inayokunywa Maji

Bodaboda za kijiwe chetu hapa Lushoto zote zinapozwa na upepo. Silinda imezungushiwa mapezi ya chuma, upepo ukipita unachukua joto, habari imeisha. Yangu ina rejeta. Ni pikipiki ya porini, cc 250, mtumba kutoka Japani, ndefu ya miguu, matairi ya meno, na ubavuni imebeba rejeta mbili ndogo zinazotaka lita moja na ushee ya maji. Ukimiliki chombo cha namna hiyo katika mji wetu, ugonjwa wake hauwi siri yako na fundi wako. Ni mali ya umma.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi. Asubuhi najaza rejeta hadi shingoni, nashika njia ya vumbi kwenda Mtae, au nateremka Soni mpaka Mombo na kupanda tena. Kesho yake, injini ikiwa imepoa kabisa, nafungua: maji yameshuka, na chupa ndogo ya soda inamiminika humo yote. Chini ya injini pakavu. Nilitandika katoni sakafuni usiku kucha, ikaamka kavu. Hata chupa ya akiba, ile ya plastiki iliyojificha nyuma ya kava la pembeni, ilikuwa imejaa pomoni, na kila aliyeichungulia alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Kaka, hiyo inakunywa," wakasema vijana wa kijiweni. "Za kwetu zinakunywa petroli tu. Yako inataka na maji ya kushushia."

Fundi wetu wa bodaboda ni mtu wa kuheshimika, anafungua kabureta huku simu imebanwa begani. Akachuchumaa, akazitazama rejeta, akainuka. "Hii si pikipiki, kaka. Hili ni gari lililopungukiwa. Peleka kwa fundi wa magari." Fundi wa magari naye akanipungia mkono nikiwa bado getini: yeye magurudumu mawili hashiki. Nikamwambia sikuja na tatizo la magurudumu, nimekuja na tatizo la maji. Akafikiri kidogo, akiwa palepale mlangoni, kitambaa cha oili begani.

"Gasketi," akasema.

Alimaanisha gasketi ya hedi, ile inayokaa kati ya silinda na kichwa cha injini na kuzuia maji, oili na moto visitembeleane. Na akaanza kunihesabia: kushusha injini, kufungua hedi, kuipeleka Tanga kuskimu iwapo imepinda, kuagiza gasketi yenyewe. Alikuwa anahesabu vidole vya mkono wa pili nilipoaga.

Lakini gasketi ya hedi ikiungua huacha dalili, na dalili hizo haziwezi kumshinda mtu mwenye macho. Maji yakiingia kwenye oili, oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Yangu ilikuwa nyeusi ya heshima. Maji yakiingia kwenye silinda, eksozi hutoa moshi mweupe hata injini ikishapata moto, tena wenye harufu tamutamu ya kulanti iliyochanganywa na maji ya rejeta, na plagi hutoka imeoshwa. Plagi yangu ilikuwa na rangi ya kahawia kama inavyotakiwa. Moto ukivuja kuingia kwenye njia ya maji, ukiwasha injini rejeta ikiwa wazi, nayo hutokota mapovu mfululizo. Yangu ilitulia. Nikamrudia fundi na majibu yote. Akanisikiliza hadi mwisho, bila kunikatiza hata mara moja.

"Basi ndiyo inaanza," akasema.

Nyumbani shangazi alishafunga jalada lake: wizi. "Baba, huyu anachota kidogo kidogo ili usijue." Nikamweleza kwamba kulanti ya ethilini glaikoli ni tamu na ni sumu, mnyama akiilamba inaua figo zake. Nilidhani namtuliza. Tangu siku hiyo kuku walifungiwa, na paka wa jirani akawa anakaguliwa afya kila asubuhi kutoka dirishani. Paka alizidi kunenepa. Kwa upande wangu huo ulikuwa ushahidi mzuri kuliko wa gereji zote mbili: hakuna kilichokuwa kinamwagika uani.

Jirani mwenyewe ni mwalimu mstaafu wa fizikia, na alikuwa akisubiri tu aulizwe. "Lushoto tuko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari," akasema, akichora vumbini kwa kijiti. "Hapa maji hayangoji nyuzi 100. Kwenye 95 yanachemka, yanageuka mvuke, yanakwenda zake." Nikasema, lakini mwalimu, rejeta ina kifuniko, na juu yake imeandikwa 1.1. Akaomba akione. Akapiga hesabu upya: ukiongeza mgandamizo huo juu ya ule wa hewa ya Lushoto, hata maji matupu yanaweza kukaribia nyuzi 120 kabla ya kuchemka. Hoja yake ikawa imebomoka kwa kijiti chake mwenyewe. Alifurahi sana, akaniaga kwa mkono.

Ndipo nikaishia kwa mzee wa baiskeli, pale karibu na soko. Kusema kweli nilikwenda kuazima pampu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Imepasuka?"

"Haijapasuka. Inapoteza maji."

"Umejuaje kama haijapasuka?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hilo. Wote walikuwa na jibu. Huyu alikuwa na pampu. Akakata kipande cha mpira mnene, akapachika ndani yake vali ya tyubu kuukuu, akakisokomeza kwenye shingo ya rejeta mahali pa kifuniko, akakaza kwa klampu na waya. Kisha pampu ya mguu yenye geji: paundi 16, ambazo ndizo hizo 1.1 za kwenye kifuniko. Akaacha, akaagiza chai. Tukakaa tunautazama mshale wa geji, na watu waliokuwa wanapita na mchicha wao nao wakasimama kuutazama.

Haukusogea. Mzee akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo, kila mpira, kila klampu. Akalala chali kabisa kutafuta kitundu kilicho chini ya wota pampu. Kitundu hicho kimewekwa makusudi kati ya sili ya maji na sili ya oili, ili mojawapo ikifa, tone litokee nje ulione, lisivuke upande wa pili. Povu halikutikisika.

"Hakuna panapovuja," nikasema, karibu nilie. Nilikuwa nimeanza kuitamani gasketi.

"Pamebaki mahali pamoja," akasema mzee, akijifuta mikono. "Hapa nilipoziba mimi."

Kifuniko kilikuwa juu ya meza, kando ya kikombe changu. Tulikivua ili tuwahoji wengine, na siku zote hizo hakuna aliyekihoji chenyewe. Mzee akakigeuza. Kina mipira miwili: wa chini unakaliwa na springi, maji yakitanuka kwa joto yanausukuma na ziada inakimbilia chupa ya akiba, wa juu unaziba mdomo wa shingo, ili injini ikipoa rejeta ifyonze maji yake kutoka chupani na si kitu kingine. Mtu aliyeishi na tyubu tangu ujana haombi miwani kwa kazi hiyo. Akaupinda ule wa juu kwa ukucha, ukafunguka nyufa pande zote.

Kumbe safari ilikuwa ya kwenda tu. Mchana maji yanahamia chupani, usiku rejeta inafyonza hewa kupitia zile nyufa, maana hewa iko karibu. Asubuhi najaza. Chupa isiyorudisha kitu inafurika, na cha ziada kinashuka na kibomba chake hadi chini ya injini, kinadondokea vumbi la Mtae pikipiki ikiwa mwendoni. Nikifika nyumbani hakuna la kudondoka. Ile chupa iliyojaa pomoni, tuliyoisifu wote, ndiyo ilikuwa imebeba mali ya wizi. Shangazi alipoelezwa hivyo alisema yeye alishasema.

Kifuniko kipya kilitoka Dar kwa basi, kwenye bahasha, kwa bei ya kuku mmoja wa shangazi. Siku hizi chupa ya akiba inapanda mchana na kushuka usiku, na fundi wa magari, nilipokutana naye stendi, aliomba kukiona kile cha zamani. Nilikuwa nacho mfukoni. Akakigeuza, akabonyeza ule mpira wa juu kwa dole gumba.

"Na hii unaiita nini?"

"Mpira wa kifuniko."

"Gasketi," akasema, akanirudishia, akaenda zake kufungua hedi ya mtu.