Vituko saba vya amplifaya ya besi: tunaanzia mkiani hadi bingwa

Jumamosi jioni Mbamba Bay, kwaya iko mazoezini, besi inakata. Ghafla kila mtu ni fundi: mpiga solo, mwalimu wa kwaya, hata mvuvi aliyekuwa anapita. Na wote wana jibu moja: "Transista zimeungua." Taratibu, ndugu zangu! Kuna foleni hapa, na transista haiko mbele. Ubishi ruksa, mradi uje na mita.

7. Swichi ya volyumu inayokwaruza. Ukiizungusha unadhani mtu anaparua magamba ya samaki. Ni vumbi na unyevu tu. Puliza spreya ya kusafishia kontakti, zungusha huku na huku, endelea na maisha. *Hukumu: kelele nyingi, ugonjwa kidogo.*

6. Wadudu. Wale wanaopanda kama moshi juu ya Ziwa Nyasa wanapenda taa, na feni ya amplifaya haichagui inachovuta. Bati la kupozea likiziba, joto linapanda na kinga inazima sauti. Ikipoa, inaamka. *Hukumu: kabla ya spea, brashi.*

5. Fyuzi ya karatasi ya sigara. Unawajua wanaoizungushia ile karatasi ya fedha. Weka fyuzi halisi; nayo ikiungua hapohapo, ndani kuna shoti. *Hukumu: sigara inaharibu mapafu, karatasi yake inaunguza transfoma.*

4. Transista za pato. Haya, mashabiki wake, kaeni. Ni kweli zinakufa, na zikipiga shoti zinapeleka umeme wa DC kwenye spika, koili nayo inateketea. Ukishabadilisha, usichomeke moja kwa moja ukutani. Unga balbu ya kizamani ya wati 100 kwa mfululizo kwenye njia ya umeme. Ikiwaka kidogo kisha ikafifia, pumua. Ikibaki inang'aa, zima, shoti bado ipo. Na kagua unachonunua: 2SC5200 na 2SA1943 za bandia zimejaa madukani. *Hukumu: mshtakiwa maarufu, ila mara nyingi hakuwepo eneo la tukio.*

3. Spika iliyosingiziwa. Spika ya ohm 8 husoma karibu 6 kwenye mita, na kuna watu wameitupa kwa hilo! Gusisha betri ya volti 1.5 kwenye nguzo zake: ikilia "tap" na koni ikasogea, koili haijakatika. *Hukumu: aachiliwe.*

2. Mngurumo wenye noti. Hiki nakipenda. Umeme wetu ni hezi 50. Uzi wa G wazi kwenye besi ni hezi 98. Freti ya tatu ya uzi wa E ni 49. Kwa hiyo kabla ya bisibisi, shika gitaa, litune, sikiliza. Mngurumo ukikaa karibu na G ya juu, yaani kama hezi 100, shuku kapasita kubwa za kuchuja umeme. Ukikaa kwenye G ya chini, anza na waya wa gitaa na ethi. Kwenye jenereta iliyochoka noti hupanda na kushuka, usimlaumu mpiga besi. Angalizo: kapasita hizo hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Mikono mbali. *Hukumu: mgonjwa anayejitajia ugonjwa, tena kwa sauti iliyo kwenye tuni.*

1. BINGWA: tundu la RETURN. Taa inawaka, spika nzima, transista nzima, halafu kimya. Au sauti inakuja nyembamba, inakwaruza, ukipiga kofi inarudi. Nyuma ya amplifaya nyingi kuna matundu mawili, SEND na RETURN. Ndani ya RETURN kuna kibati kinachopitisha sauti kutoka sehemu ya toni kwenda sehemu ya nguvu pale tundu linapokuwa tupu. Kikishika uchafu na kutu, njia imekatika. Chomeka waya mfupi wa gitaa, SEND kwenda RETURN. Sauti ikirudi, kesi imeisha, safisha kibati. Isiporudi, chomeka simu kwenye RETURN, sauti chini kwanza: muziki ukisikika, sehemu ya nguvu ni nzima, tatizo liko mbele. *Hukumu: kombe ni lake. Amplifaya nzima kabisa, na bado inapandishwa gari hadi Songea kwa fundi.*

Unayetaka transista iwe namba moja, karibu tubishane. Ila kwanza chomeka huo waya.