Kodi Isiyojua Mipaka

Marekani, ambayo katika jambo hili mwenziwe anayejulikana zaidi ni Eritrea, humtoza raia wake kodi ya mapato popote aishipo, kwa hoja iliyokubaliwa na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo mwaka 1924, katika kesi ya Cook dhidi ya Tait, kwamba serikali humfaidisha raia hata akiwa amehamia Meksiko. Faida yenyewe ameachiwa aitafute.

Ukarimu, hata hivyo, haukosekani. Aliye ng'ambo huongezewa muda wa kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato ya mwaka, kutoka 15 Aprili hadi 15 Juni, ila riba ya kodi anayodaiwa, ambayo haikupewa likizo, huanza kuhesabiwa Aprili ileile. Kwa mwaka 2024 aliyetimiza masharti aliweza kusamehewa kodi ya hadi dola 126,500 za ujira wa ugenini, mradi ajaze fomu namba 2555, hivyo wapo wanaojaza makaratasi ili kuthibitisha kwamba hawadaiwi hata senti. Akaunti zake za benki za nje, jumla yake ikipita dola 10,000 walau siku moja, huripotiwa kwa fomu nyingine, kwa idara nyingine ya Wizara ya Fedha ileile, maana si adabu idara za nyumba moja kusumbuana kwa maswali.

Boris Johnson, mwanasiasa wa Uingereza aliyezaliwa New York mwaka 1964 na kuondoka angali mtoto, alikumbushwa undugu wake na Marekani alipouza nyumba yake London. Alilalamika, akalipa, kisha mwaka 2016 akaukana uraia, huduma ambayo wakati huo ada yake ilikuwa dola 2,350.